Jiko la Mwisho la Machweleo

Namna Mwalimu Nasoro Chipeta alivyofika nchi ya Ugawa si habari ya kutuchelewesha. Alifika, viatu vimejaa vumbi, begani mkoba wa madaftari, na hilo latosha. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na miwili, akastaafu, na kama walimu wengi wa somo lile alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuona mstari uliopinda akanyamaza. Alikuwa amesikia kwamba huko Ugawa kuna jimbo la uchaguzi liitwalo Machweleo, ambalo zamani lilikuwa kubwa kuliko yote na sasa limebaki na nyumba moja, akataka kuandika historia yake kabla haijapotea.

Wenyeji walimpokea vizuri mno, na hapo ndipo alipoanza kushuku. Kila aliyekutana naye njiani alimwuliza habari za afya, kisha habari za mvua, kisha habari za mvua tena. Akiuliza Machweleo ni wapi, anaonyeshwa kwa kidevu, halafu mazungumzo yanarudi kwenye mawingu. Mama mmoja aliyekuwa akianika muhogo alimweleza mawingu ya wiki nzima, siku baada ya siku, jasho likimtoka kwa juhudi ya kutosema kitu kingine. Mwalimu alidhani ameingia nchi ya wakulima wenye wasiwasi.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, alisimamishwa na mtu mnene aliyevaa koti la kaki, begani amebeba kitanzi kikubwa cha kamba ya katani.

"Karibu, mgeni. Mimi naitwa Zahoro Kipimo, Mkuu wa Kamba. Tumekungoja miaka kumi na saba."

"Mimi?" akauliza Mwalimu.

"Wewe au mwingine yeyote. Alimradi mgeni."

Bwana Kipimo akamchukua hadi ofisini kwake, akampa kiti, akamweleza sheria za nchi kwa utaratibu wa mtu aliyezirudia mara nyingi mbele ya ukuta. Katika Ugawa, alisema, mipaka ya majimbo haichorwi karatasini. Huburutwa ardhini kwa kamba, mtu mmoja akiwa mbele na wapigaji vigingi nyuma yake. Na waasisi wa taifa, walipokaa kupanga mambo, waligundua kwamba kila raia ana upande wake na kila raia atavutia kwake. Basi wakatunga sheria ambayo Waugawa wanajivunia mpaka leo: kamba haishikwi ila na mgeni, mtu asiyejua nani anakaa wapi wala nani hasemi na nani. Ili mgeni asichafuliwe, ni kosa kwa raia yeyote kumwambia anataka nini.

"Ndiyo maana ya mawingu," alisema Mwalimu.

"Ndiyo maana. Mawingu hayana jimbo."

Mwalimu aliona mantiki ya jambo lile, kisha akaona kasoro yake, na kwa kuwa alikuwa mwalimu akaisema. Je, mtu asiyeijua ardhi ataigawaje? Bwana Kipimo alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini wali unaliwa mchana. Akasema hilo swali liliwahi kuletwa bungeni, likajadiliwa miezi mitatu, na mjumbe aliyelileta akashauriwa apumzike.

Halafu akafungua Daftari la Kamba, kitabu kizito chenye ngozi iliyotafunwa na mende, akamsomea Mwalimu historia ya Machweleo. Mwalimu aliandika mpaka vidole vikafa ganzi.

Mwanzoni Machweleo ilianzia mtoni ikaishia kule jua linakozama, vijiji sabini, wawindaji, wafinyanzi na wafugaji. Mgeni wa kwanza alikuwa muuza mikeka mwenye macho mabovu. Aliambiwa aelekee kwenye kilima cheusi upande wa magharibi. Alichokiona cheusi kilikuwa kundi la ng'ombe, na kwa kuwa ng'ombe wanakula wakitembea, naye akawafuata, leo hapa kesho pale, siku nne nzima. Wapigaji vigingi waliona wazi kinachotendeka. Lakini kumwambia lingekuwa kosa. Machweleo ikapoteza mbuga yake yote, na mpaka ule wenye mizunguko kama utumbo ukaitwa Mpaka wa Malisho.

Mgeni wa pili alikuwa mwimbaji wa harusi, mtu mzuri sana, ila alikuwa anaogopa mbwa. Penye mbwa hapiti, anakata kona. Sasa Machweleo ilikuwa nchi ya wawindaji, na kila nyumba ilikuwa na mbwa wawili au watatu. Mwimbaji alipomaliza kazi yake, vijiji arobaini vilikuwa vimebaki nje, na kesho yake watu waliamka ni raia wa jimbo jirani la Kilimani. Hawakuwa wamehama. Vyungu vyao vilikuwa palepale, na mbwa wao walikuwa wakilala palepale, ila mbunge wao sasa alikuwa mtu wasiyemjua hata kwa sura.

"Na wa tatu?" Mwalimu akauliza.

Bwana Kipimo alishusha sauti. Wa tatu alikuwa mgeni wa kuletwa. Mbunge wa Machweleo wa wakati ule aliona wapiga kura wanampungukia, akatuma watu nje ya nchi wamtafutie mgeni mwenye kuelewa. Alitaka kijiji cha wakwe zake kiingie jimboni, na kijiji chenyewe kilikuwa mbali, mwendo wa siku nzima. Mgeni mwelewa akaburuta kamba mpaka huko na kurudi, akaacha njia nyembamba yenye upana wa mlango. Wakaiita Shingo ya Wakwe. Ili jimbo lisizidi ukubwa uliopangwa, mgeni akakata vijiji ishirini vya upande mwingine, vile ambavyo mbunge hakuvipenda. Uchaguzi ulipofika wakwe walijitokeza wote, bila kukosa hata mmoja, wakampigia kura mpinzani. Walikuwa na ya kwao moyoni kuhusu namna alivyomtunza binti yao.

Wa nne, miaka kumi na saba iliyopita, alikuwa mng'oa meno aliyekuwa na mgonjwa anamngoja ng'ambo. Alipita njia ya mkato. Kijiji cha mwisho cha Machweleo kikaenda jimbo la Mtoni karibu chote, Shingo ya Wakwe ikakatwa, na jimbo likabaki nyumba moja na banda la kuku.

"Mbunge wao ni nani sasa?"

"Hayupo. Kiti kipo. Spika huita, 'Mheshimiwa wa Machweleo,' tunakaa kimya kidogo, na ule ukimya unaandikwa kwenye kumbukumbu za bunge kama mchango." Bwana Kipimo akafunga daftari. "Ulikuwa mchango mzuri, Mwalimu. Mara nyingi ulikuwa mzuri kuliko yetu. Lakini bunge limepitisha kwamba jimbo lenye jiko moja halina wa kugombana naye, na jimbo lisilo na ugomvi si jimbo. Linafutwa. Kesho utashika kamba kutoka kisiki cha mninga hadi jiwe jeupe, moja kwa moja. Kitakachobaki upande wa juu wa kamba ni cha Kilimani, kitakachobaki chini ni cha Mtoni. Ndivyo sheria isemavyo, mstari ulionyooka kadiri ya uwezo wa mgeni."

Mwalimu alisikia kitu kinaruka kifuani mwake. Miaka yote ya kufundisha, hakuna aliyewahi kumwomba anyooshe kitu chochote kikubwa kuliko ukurasa. Na hii nchi maskini, iliyokatwakatwa na vipofu na waoga na wenye haraka, hatimaye imempata mtu anayejua mstari ni nini. Nampenda Mwalimu, lakini siku ile aliondoka ofisini amevimba kidogo.

Mchana ule alikwenda kuitazama kazi yake. Alisimama kwenye kisiki cha mninga, akafumba jicho moja, akanyoosha kalamu mbele ya uso kama alivyofundisha vizazi vitatu vya wanafunzi. Jiwe jeupe lilionekana vizuri kule mbele. Kati yake na jiwe kulikuwa na shamba la mihogo, kisha nyumba ya udongo yenye paa la makuti, kisha uwanja uliofagiwa, kisha kaburi limezungushiwa mawe, na maua ya asumini juu yake. Mstari ulipita katikati ya uwanja. Nyumba ilibaki chini, upande wa Mtoni. Kaburi lilibaki juu, upande wa Kilimani, kama kaburi lilivyokuwa tayari.

Njiani alikutana na mbunge wa Mtoni, mtu mrefu mwenye miwani, akitembea kana kwamba amepita tu. Wakasalimiana. Mbunge akatazama juu.

"Mto wetu mwaka huu umejaa, mgeni wangu. Umejaa kabisa. Umebakiza tone moja tu utimie elfu tano. Tone moja, fikiria."

Mwalimu hakuelewa, akasema inshallah. Baadaye ndipo alipoambiwa kwamba Mtoni ilikuwa na meko elfu nne mia tisa tisini na tisa, na jimbo likitimiza elfu tano hupewa kiti cha pili bungeni.

Mwenye nyumba, Mwalimu alimkuta jikoni, kibanda cha wazi mbele ya nyumba. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, kanga imefungwa kifuani kwa nguvu, anachochea moto chini ya chungu. Alijitaja kuwa Hidaya binti Sururu, mjane wa marehemu Mheshimiwa Darabu, mbunge wa mwisho wa Machweleo. Alimpa Mwalimu kigoda, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wewe ndiye wa kamba."

"Ndimi, Bi mkubwa. Lakini nimekuja kwa ajili ya historia."

"Umekuja vizuri. Maana sheria inanikataza kukuomba kitu, kwa hiyo sikuombi. Nakusimulia tu. Wewe si unaandika historia?"

Mwalimu akafungua daftari.

Alimsimulia kwanza habari ya jiko. Katika Ugawa, alisema, mtu hahesabiwi kwa alikozaliwa wala anakolala. Anahesabiwa kwa jiko lake. Jimbo lenye jiko lako ndimo unamopigia kura, na ukifa ndimo unamozikwa, hakuna mjadala, watu wa Kamba hukagua. Alipoolewa alipewa mafiga matatu na mama mkwe, na mafiga hayo ndiyo aliyokuwa akipikia mpaka leo. Kamba ya tatu ilipopita, nyumba yao ikawa nje ya Machweleo. Darabu alikuwa kijana wa siasa, hataki kusikia habari ya kuwa mtu wa jimbo lingine. Hidaya akatia mafiga kwenye kapu, moto wake kwenye kigae, akahamia ndani ya mpaka. Kabla ya kamba ya nne, Darabu akiwa bado hai, uvumi ulienea kwamba mgeni atakayekuja atapitia bondeni, akahama tena mpaka hapa.

"Nimehama nyumba mbili ili nisihame jimbo," alisema. "Wenzangu wote kamba iliwaacha. Mimi niliikimbilia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mume wangu alikuwa mbunge, na mbunge bila wapiga kura anakuwa mzigo nyumbani."

Mwalimu alicheka, na yeye akacheka, meno yaliyobaki yakaonekana. Akamweleza uchaguzi wa mwisho. Wapiga kura walikuwa wamebaki wachache, wengi wao wagonjwa na wazee wasioweza kutoka, na siku yenyewe mvua ikanyesha. Kituoni wakafika wawili, yeye na mumewe. Darabu alishinda kwa kura moja.

"Na ile nyingine?"

"Ilikuwa yangu. Nilimwandikia juu ya karatasi kwamba paa linavuja, aje aliangalie. Wakaihesabu imeharibika."

"Akaliangalia?"

"Kesho yake asubuhi. Alikuwa mbunge mzuri yule."

Alipunguza moto. Kisha akasema kwa sauti ileile, bila kuipamba, kwamba Darabu alifariki miaka kumi na tisa iliyopita na kuzikwa pale uwanjani, hatua thelathini kutoka jikoni, wakati ule pote pakiwa Machweleo. Alipokuwa mahututi alimshika mkono akamwambia: Hidaya, jimbo hili lisife mikononi mwako. Wanaume wanapenda kuacha mizigo ya namna hiyo wakati wao wanaondoka. Akaahidi. Miaka miwili baadaye akaja mng'oa meno na haraka zake, kamba ikapita kati ya jiko na kaburi. Darabu akawa wa Kilimani, naye maskini hakuwahi kuipenda Kilimani hata siku moja.

"Ningeweza kumfuata," alisema Bi Hidaya. "Hatua thelathini tu. Ningebeba mafiga nikapike kule, na siku yangu ikifika ningelazwa pembeni yake. Lakini jiko hili lilikuwa la mwisho. Ningevuka, Machweleo ingekufa siku hiyohiyo, na nilikuwa nimeahidi. Basi kila asubuhi nikichochea moto namtazama yuko pale, na kila jioni nikizima namtazama yuko pale. Nikasema atakuja mgeni mwingine, kamba itarudi. Miaka kumi na saba nimewapikia wageni ambao hawakuja."

"Na kesho jimbo litafutwa," alisema Mwalimu polepole, "nawe utakuwa mtu wa Mtoni."

"Ndivyo nilivyosikia. Jiko langu Mtoni, mume wangu Kilimani. Na jiko la jimbo lililofutwa halihami tena, hubaki pale kamba ilipoliacha. Nitazikwa kule chini kwenye tope, kati ya watu nisiowajua, tena wanakula kambale." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema moshi umemwingia. Hapakuwa na moshi.

Mwalimu alitazama daftari lake. Alikuwa na vifungu ishirini vya maelezo daftarini, ng'ombe na mbwa na wakwe, na vyote vilimchekesha. Hiki hakikumchekesha. Aliwaza kwa kasi kuliko alivyowaza kwa miaka mingi, akapata alichodhani ni jibu.

"Bi Hidaya, siyo kwamba nasema kitu. Lakini tuseme mtu ameshika kamba, akaizungusha nyumba hii na kaburi lile, akafunga duara. Machweleo haingefutika. Ingebaki, na mumeo angerudi ndani. Kitabuni ingependeza sana."

Bi Hidaya alifunua chungu, akakoroga.

"Huyo mtu angekuwa ameniongezea kazi," alisema. "Mwanangu, nina miaka sabini na minne. Nikifa, hilo duara litalindwa na nani, na kuku? Kila mgeni atakayekuja kuandika historia atatamani niendelee kukaa hapa nichemshe chungu ili yeye apate cha kuandika. Nililipenda jimbo. Nililipenda kwa sababu lilikuwa lake. Sasa nimechoka kulipikia. Nataka kulala kwa mume wangu." Akafunika chungu. "Lakini sijakuomba kitu. Umesikia?"

"Sijasikia ombi lolote," alisema Mwalimu. Akala alichopewa, mihogo na kisamvu cha nazi, akashukuru, akaondoka.

Asubuhi ya siku iliyofuata watu walifurika kisikini. Wa Kilimani walisimama upande wa juu, wa Mtoni upande wa chini, wote wamenyamaza kama sheria inavyotaka, wengine wamekaza macho mawinguni. Bi Hidaya alikuwa jikoni kwake, moto unawaka, hakuinua uso. Bwana Kipimo alimfunga Mwalimu kamba kiunoni, akamnong'oneza kwamba katika historia yote ya Ugawa hawajawahi kupata mgeni aliyesomea jambo hili, na kwamba yeye binafsi alifurahi mno. Mwalimu aliliona jina lake limeshaandikwa daftarini, kwa wino mwekundu: Nasoro Chipeta, mwalimu wa jiografia. Kando yake palikuwa wazi, mahali pa kuandika mstari ulivyokuwa.

Akafumba jicho moja. Akaliona jiwe jeupe. Akaanza kwenda.

Ulikuwa mstari mzuri, na wapigaji vigingi waliokwenda nyuma yake wanasema mpaka leo kwamba hawajaona kitu kama kile. Alipita shamba la mihogo bila kuyumba upana wa kidole. Wazee wa pande zote mbili, waliokulia kwenye mipaka iliyopinda kama utumbo, walishangaa kuona kamba imelala ardhini kama imepigwa rula, na nadhani hata wengine waliona uzuri wake, jinsi mtu anavyoona uzuri wa shuka jeupe lililonyooshwa. Mwalimu naye aliuhisi. Alihisi miguu yake inajua njia. Hatua arobaini mbele yake ulikuwa uwanja uliofagiwa, kushoto kaburi lenye asumini, kulia jiko lenye moshi mwembamba, na katikati njia yake ilikuwa wazi kabisa.

Akafika ukingoni mwa uwanja, akasimama. Kama ni kusema kweli, roho ilimwuma. Kazi ya maisha yake ilikuwa mbele yake, hatua chache tu, safi, ya haki, haina upendeleo kwa mtu yeyote. Na ilikuwa inapita kati ya mke na mumewe.

Akageuka kulia. Akapita nyuma ya jiko, nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na banda la kuku, kuku wakipiga kelele, akazunguka mpaka kona ya mwisho, kisha akarudi kwenye njia yake kana kwamba hana hili wala lile, akaendelea moja kwa moja mpaka jiwe jeupe. Kamba ilikuwa imelala nyuma yake, imenyooka kama mshale, isipokuwa mahali pamoja ambapo ilikuwa na nundu kubwa yenye nyumba ndani yake. Nyumba na kaburi vilikuwa upande mmoja.

Mbunge wa Mtoni alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mkuu wa Kamba, mgeni amepinda."

Bwana Kipimo alikuja mpaka kwenye ile nundu, akaitazama. Akamtazama Mwalimu, ambaye alikuwa akitazama viatu vyake. Akamtazama Bi Hidaya, ambaye kijiko kilikuwa kimemwanguka.

"Mgeni amejikwaa," alisema Bwana Kipimo.

"Amejikwaa hatua sitini? Akazunguka nyumba?"

"Amejikwaa sana." Akafungua daftari. "Mstari ulionyooka kadiri ya uwezo wa mgeni, Mheshimiwa. Ndivyo waasisi walivyoandika. Uwezo wa huyu umefika hapo." Na mbele ya watu wote akaandika kando ya jina la Mwalimu, kwa wino mwekundu, kwamba mwalimu huyu wa jiografia hakuweza kunyoosha mstari. Mwalimu aliyasoma maneno yale kichwa chini miguu juu, neno kwa neno. Yalimchoma, sitaki kusema uongo.

Mbunge wa Mtoni alishika tama, akahesabu vidole vyake kana kwamba labda humo ndimo lilimokuwa lile jiko moja, kisha akakaa juu ya tuta la muhogo. Hakuwa mtu mbaya. Baada ya muda alisema mawingu yanaonekana yatanyesha kwa wenzake wa Kilimani mwaka huu, naye anawatakia heri.

Ilibaki desturi ya mwisho. Jimbo la Ugawa halifi kwa kamba wala kwa wino. Hufa pale jiko lake la mwisho linapozimwa na mwenyewe. Bi Hidaya aliinuka, akaipua chungu, akaleta kata ya maji. Watu wakasogea. Wengi wao, wazee wa Kilimani na wazee wa Mtoni, walikuwa wamezaliwa Machweleo kabla ya ng'ombe au kabla ya mbwa au kabla ya wakwe, na siku ile ndipo Mwalimu alipowatambua, kwa sababu hao ndio waliovua kofia. Bwana Kipimo alikuwa mmoja wao.

Bi Hidaya alishika kata juu ya moto. Halafu akamwaga, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayeogesha mtoto, mpaka mkaa wa mwisho ukanyamaza. Bwana Kipimo akakata mstari juu ya jina la Machweleo, akapiga chafya ambayo haikuwa chafya.

Mwanamke mmoja wa Kilimani alileta kaa la moto kwenye kigae ili jiko liwashwe upya. Bi Hidaya alimwambia aliweke kando, atakuja. Alifunga kanga yake vizuri, akavuka uwanja, hatua thelathini, na hakukuwa na kigingi hata kimoja njiani. Watu walimpisha. Mwalimu alimfuata kwa mbali, daftari mkononi, kisha akaona ni aibu kuandika, akalitia mkobani.

Bi Hidaya alikaa chini kando ya kaburi, upande wa kulia, akanyoosha miguu.

"Darabu," alisema, "jimbo lako limekufa. Limekufa mikononi mwangu, usinilaumu, nimelilea miaka kumi na tisa peke yangu."

Akapapasa udongo pembeni ya mawe, akiupima kwa kiganja upana wake.

"Haya, sogea sasa."